Hilux ya 1985 na injini iliyochongwa upya: ugonjwa ulibaki nje ya injini

Gari ni Hilux ya mwaka 1985, pikapu ya milango miwili, injini 22R ya kabureta. Mwenyewe ni mzee aliyeliendesha tangu ujana wake, na hakutaka kusikia habari ya kulitia injini ya aina nyingine. Injini ile ile ikashushwa, ikapelekwa kuchongwa, ikarudi na pistoni zilizozidi saizi ya kawaida kwa milimita 0.50, krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) iliyochongwa milimita 0.25, beringi mpya, hedi (kichwa cha injini) iliyosawazishwa na cheni mpya ya kuzungusha kamshafti, shafti inayofungua valvu. Kuirudisha garini aliamua kufanya mwenyewe nyumbani, akisaidiwa na binti yake. Mimi niliitwa walipofika hatua ya kuunganisha injini na giaboksi.

Injini hiyo inafanya kazi vizuri, kwa hiyo hiki si kisa cha hasara. Nakichambua kwa sababu matatizo yote matatu yaliyojitokeza wakati wa kuifunga hayakuhusu kazi ya wachongaji hata kidogo. Yalitoka kwenye vitu vilivyoizunguka injini, na kubwa kuliko yote lilikuwa mabaki ya ugonjwa ule ule uliomaliza injini mara ya kwanza. Nimeona watu wakimaliza fedha na subira yao yote kwenye bloku na krenki, halafu rejeta, mipira na nyaya wanavirudisha jinsi vilivyotoka. Injini ikizingua baada ya wiki chache wanasema ovahoo haikushika, na fundi wa mashine anabeba lawama isiyo yake.

Kilichomaliza injini ya kwanza

Kabla ya kugusa spana nilitaka kujua injini ilikufa kwa nini. Mzee alijibu kwamba ilikuwa inakula oili na mwisho ikaanza kugonga. Hayo ni matokeo. Nikaomba nioneshwe vitu vilivyotolewa, na bahati nzuri hakuwa ametupa chochote.

Kava ya mbele ya cheni ilijieleza yenyewe. Upande wa ndani ulikuwa na mfereji uliochimbwa na cheni, umenyooka na kung'aa, na katikati ya mfereji palikuwa na tundu jembamba lililotokeza kwenye njia ya maji. Matoleo ya mwanzo ya 22R yalikuwa na cheni ya safu mbili. Baadaye ikaja cheni ya safu moja yenye vielekezi vya plastiki, na plastiki hiyo ikizeeka hukauka, hukatika na kuangukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Cheni ikikosa kielekezi hulegea, inapiga kando na kuanza kusaga kava ya aluminiamu. Ikitoboa, maji ya rejeta yanaingia kwenye oili.

Nilimuuliza mzee kama injini ilikuwa na kelele ya kukwaruza inapowashwa asubuhi, inayodumu sekunde chache kisha ikanyamaza. Akasema ndiyo, kwa muda mrefu, na kila aliyeisikia alimwambia ni valvu. Ile ilikuwa cheni inasubiri oili ifike kwenye tenshena, kifaa kinachoikaza cheni. Mwenye 22R ya cheni moja anayesikia kelele hiyo asiizoee. Kubadilisha cheni na vielekezi, na kuweka vielekezi vyenye mgongo wa chuma, ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kuchonga krenki.

Basi beringi zilikufa kwa sababu zilikuwa zinalainishwa na oili iliyochanganyika na maji, ile inayogeuka rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko. Wachongaji walifanya yao vizuri: kava mpya, vielekezi vya chuma, pampu mpya ya oili. Lakini mchanganyiko ule haukukaa ndani ya injini peke yake. Ulizunguka kokote ambako maji yalizunguka. Nikauliza habari za rejeta. Mzee alikuwa ameiosha kwa mpira wa bomba, juu kwenda chini na chini kwenda juu, hadi maji yakatoka safi. Nilimshauri aibadilishe au aipeleke ikafunguliwe. Yeye aliona inatosha, kwa kuwa maji yalipita bila kizuizi. Gari ni lake, tukaendelea.

Jambo dogo la pembeni kwa anayeshusha hedi ya injini hii mwenyewe: kuna bolti moja ya mbele inayoshika hedi na kava ya cheni, imejificha chini ya gia inayozungusha distributa (kigawa umeme cha plagi), mara nyingi ikiwa imezama kwenye dimbwi la oili. Haionekani mpaka oili ifyonzwe. Hedi nyingi zimebanjuliwa kwa bisibisi hadi zikaharibika uso kwa sababu mtu aliamini bolti zote zimetoka.

Sentimita mbili

Walikuwa wameamua kuiacha giaboksi chini ya gari na kuishusha injini peke yake. Ni uamuzi mzuri kwa nyumbani. Injini na giaboksi zikiwa pamoja ni mzigo mrefu unaohitaji kuinamishwa sana ili upite mbele, na kreni ndogo ya kukodi huanza kuyumba. Ubaya wake ni kwamba shafti ya giaboksi lazima iingie kwenye klachi mkiwa mmekunja migongo, injini ikining'inia kwenye mnyororo.

Nilipofika injini ilikuwa imeshaingia karibu yote. Kati ya uso wa bloku na uso wa giaboksi pamebaki kama sentimita mbili, na hapo ndipo ilipogoma. Mzee alikuwa ameshapenyeza bolti mbili ndefu, moja kila upande, spana mkononi.

"Zimebaki sentimita mbili tu, fundi. Nazivuta kwa bolti taratibu zinaingia."

"Hapana mzee, usikaze hata nusu mzunguko. Legeza kwanza zote mbili."

Nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo giaboksi nyingi zinapovunjwa masikio. Shafti ya giaboksi hupita sehemu mbili. Kwanza meno yake yanaingia kwenye meno ya klachi pleti, ile sahani inayopokea nguvu ya injini. Kisha ncha yake nyembamba inaingia kwenye beringi ndogo iliyo katikati ya krenki. Pengo lililobaki linakwambia umekwama wapi. Likiwa kubwa, kama upana wa kiganja, meno hayajakutana: weka gia, zungusha krenki kidogo kwa spana kwenye puli ya mbele, yatakutana. Likiwa dogo kama lile letu, meno yameshapita na ncha inagonga ukingo wa beringi. Maana yake ama klachi pleti haikukaa katikati, ama injini na giaboksi hazijanyooka katika mstari mmoja. Ukivuta kwa bolti katika hali hiyo, nguvu yote inaishia kwenye kitovu cha klachi pleti, kwenye beringi ndogo, na kwenye masikio ya aluminiamu ya giaboksi. Kimoja kitasalimu amri, na utakijua siku ukiwasha gari.

Tulipima pengo kwa rula, juu na chini. Juu lilizidi la chini kwa milimita kadhaa. Tukaishusha kidogo jeki iliyobeba pua ya giaboksi hadi mapengo yakalingana pande zote. Bado ikagoma, kwa hiyo shaka ikabaki kwenye klachi pleti. Kifaa cha plastiki walichotumia kuiweka katikati kilikuwa na mchezo, na pleti ilikuwa imeshuka kidogo kwa uzito wake kabla presha pleti, ile inayoibana, haijakazwa.

Hakukuwa na haja ya kushusha injini tena. Meno yalikuwa yameshapita, kwa hiyo shafti yenyewe ilikuwa inaibeba pleti. Kilichohitajika ni kuiachia pleti ipate nafasi yake. Silinda ndogo ya klachi ilikuwa bado imeunganishwa kwenye giaboksi, hivyo binti akaingia ndani na kukanyaga pedali taratibu na kuishikilia. Presha pleti ikaachia, klachi pleti ikawa huru, mimi nikatikisa injini juu chini kwa mkono mmoja kwenye puli. Ikaingia yenyewe kwa mlio wa chuma kukutana na chuma, pande zote kwa pamoja. Ndipo bolti zikaingia, kwa vidole kwanza, zote, na spana ikafuata.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepapasa nyuma ya bloku kuhakikisha zile pini mbili za kuelekezea giaboksi zipo. Injini ikienda kuchongwa pini hizo huweza kutolewa na kusahaulika. Bila pini hizo giaboksi inashikwa na bolti peke yake, inakaa kando kidogo ya mstari, na beringi ya mbele ya giaboksi inaanza kulia baada ya muda bila mtu kuelewa kwa nini.

Maunti za injini, vile vikalio vyake vya mpira, zilikuwa mpya. Tulizikaza mwisho, baada ya giaboksi kukazwa yote na injini kukaa kwa uzito wake, ili mpira usikae umejipinda.

Moshi kwenye kebo ya choki

Injini mpya haiwashwi kwanza halafu ndiyo ikatafutiwa presha ya oili. Presha inatangulia. Kwenye 22R pampu ya oili iko mbele, inazungushwa moja kwa moja na krenki, kwa hiyo huwezi kuizungusha kwa drili kama injini zile ambazo pampu inaendeshwa na shafti ya distributa. Ikiwa kavu inaweza kuzunguka bila kufyonza. Fundi wa mashine alikuwa ameijaza mafuta mazito ya mgando wakati wa kuifunga, na sisi tukamwagia oili ya kutosha juu ya kamshafti na roka (vidole vinavyosukuma valvu) kabla ya kufunga kifuniko cha valvu. Tukatoa plagi zote nne, tukachomoa waya wa koili, tukafunga geji ya presha ya mkono mahali pa swichi ya taa ya oili. Geji ya dashibodi siiamini kwa kazi hii.

Plagi zikiwa nje, hakuna mgandamizo. Stata inatakiwa kuizungusha injini kwa kasi. Hii ilizunguka kwa kujivuta, kwa mngurumo mzito, kama betri imechoka. Mzee akasema injini mpya inabana. Ni kweli injini mpya inabana kidogo, lakini nilikuwa nimeizungusha kwa mkono na spana muda mfupi nyuma na ilienda laini.

Binti aliyesimama upande wa pili wa boneti ndiye aliyeona. "Fundi, ule waya unatoa moshi." Hakuwa anaonesha waya wa umeme. Ilikuwa kebo ya choki, ile inayotoka dashibodi hadi kwenye kabureta. Ganda lake jeusi la plastiki lilikuwa limeanza kung'aa na kulainika, na pale lilipogusa bomba la maji limeacha alama. Ukigusa inaunguza.

Kebo ya choki haina kazi yoyote ya umeme. Ikipata moto wakati stata inazunguka, maana yake umeme wa stata unapita humo. Stata inakula zaidi ya ampea mia. Umeme huo unatoka chanya ya betri kwenda kwenye stata kwa waya mnene, na lazima urudi kwenye hasi ya betri. Injini imekaa juu ya maunti za mpira, na mpira haupitishi umeme. Njia yake ya kurudi ni ule waya mfupi wa ethi, ule ulioshonwa kwa nyuzi za shaba, unaounganisha injini na bodi. Ukikosekana au usiposhika vizuri, umeme unatafuta chuma chochote kinachogusa injini na bodi kwa pamoja: kebo ya choki, kebo ya aksileta, hata propela shafti na beringi zake.

Waya ulikuwepo, tena wameusafisha. Shida ilikuwa chini yake. Injini ilipokuwa nje, mzee alichukua nafasi kupaka rangi sehemu yote ya ndani ya boneti, kazi nzuri kweli, na bolti ya ethi ikafungwa juu ya rangi hiyo mpya. Tulithibitisha kwa mita badala ya kubahatisha. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, stata ikizunguka. Ethi nzuri inatoa chini ya nusu volti. Mita ilipita volti tatu. Volti tatu hizo hazikufika kwenye stata, ndiyo maana ilijivuta.

Tukakwangua rangi hadi chuma cheupe, tukafunga waya, tukapaka grisi juu yake baada ya kukaza ili kutu isiingie. Mita ikashuka hadi karibu na sifuri, na stata ikazunguka inavyotakiwa. Kebo ya choki ilibadilishwa, maana waya wake wa ndani ulishapoteza ulaini. Kipimo hiki kinachukua dakika moja na sioni sababu ya mtu yeyote kuwasha injini iliyotoka nje bila kukifanya. Stata inayojivuta imewafanya watu wanunue betri, wanunue stata, wengine hadi waamini krenki imebana, ilhali kilichotakiwa ni msasa.

Presha ikapanda kwenye geji baada ya stata kuzunguka kwa vipindi vifupi, tukiipumzisha kati ya kipindi na kipindi. Kwa kumbukumbu, kipimo cha Toyota kwa injini hii, ikiwa ya moto, ni kilo 2.5 hadi 5 kwa sentimita ya mraba kwenye mizunguko 3000, na isiwe chini ya 0.3 ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa aksileta. Hiyo 0.3 inawatisha wengi wanaoiona kwenye geji, lakini ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika.

Distributa sitaieleza sana. Alama ya puli kwenye sifuri, valvu zote mbili za silinda ya kwanza zikiwa zimelegea, ndiyo nafasi ya kuwaka. Roka za silinda ya kwanza zikiwa zimebana wakati alama iko kwenye sifuri, uko mzunguko mmoja nje, na injini itakohoa moto kupitia kabureta. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Geji inapanda

Iliwaka haraka. Tukaishikilia kwenye mizunguko kama 1500 hadi 2000, bila kuiacha kwenye sailensa, ili kamshafti na roka zipate oili ya kutosha na ringi zianze kukaa. Presha ilikuwa nzuri sana. Moshi wa bluu ulikuwepo kidogo, ule wa oili ya kufungia, ukaanza kupungua. Kisha sindano ya joto ikafika katikati, ikapita katikati, ikaendelea. Nikasema zima.

Mzee alitaka kuiwasha tena baada ya kupoa na kuiacha ikinguruma taratibu huku tunatafuta tatizo. Nilikataa, na hapa ningependa kueleweka. Ringi mpya zinakaa kwenye kuta za silinda kwa presha ya moto wa mchomo kuzisukuma nje. Presha hiyo inapatikana injini ikifanya kazi, yaani ikibeba mzigo. Kwenye sailensa presha ni ndogo, oili inabaki kwenye kuta na kuungua, na ile mikwaruzo midogo iliyoachwa na hona, kifaa cha kusugulia silinda, inazibwa na ganda linaloteleza kama kioo. Ringi hazikai tena. Injini itakula oili maisha yake yote na hakuna kitakachosaidia isipokuwa kuifungua. Kwa hiyo dakika za mwanzo za injini mpya ni mali, na hazitumiki kutafuta ugonjwa wa rejeta. Uchunguzi wote tukaufanya injini ikiwa imezimwa.

Injini mpya inayochemka ina watuhumiwa wengi: hewa iliyonaswa kwenye njia za maji, themostati, taimingi (wakati wa plagi kuwasha) iliyochelewa, gasketi ya hedi, mchanganyiko wa mafuta mwembamba, na rejeta. Tukaanza na vyepesi. Taimingi ilikuwa sawa kwa taa. Themostati tuliitia kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto, ikafunguka kwenye nyuzi zilizoandikwa juu yake. Ilikuwa imefungwa vizuri pia, kile kijipini chake cha kupitishia hewa kikiwa juu. Mgandamizo wa silinda zote nne ulikaribiana, na hapakuwa na mapovu wala shinikizo la ajabu kwenye rejeta. Hewa tuliitoa kwa kuinua pua ya gari na kufungua tepu ya hita, tukaongeza maji kidogo tu. Kiasi hicho hakikueleza joto lile.

Nilikuwa nimeshika rejeta mara tu tulipoizima, kabla haijapoa. Hiki ni kipimo cha mkono na kinafanya kazi: feni ikiwa imesimama kabisa, pitisha viganja juu ya mapezi ya rejeta kutoka upande mmoja hadi mwingine. Rejeta ya aina hii maji yanashuka kutoka tangi la juu kwenda la chini, hivyo joto linapaswa kupungua taratibu kutoka juu kwenda chini, sawasawa kwa upana wote. Hii ilikuwa ya moto pembeni zote mbili. Katikati palikuwa na eneo pana lililokuwa vuguvugu tu. Maji ya moto hayakuwa yanapita hapo.

Basi kwa nini mpira wa bomba ulitoa maji safi? Kwa sababu maji ya bomba yanahitaji mirija michache tu iliyo wazi kupita. Yanapita yalipo na njia na hayasukumi palipoziba. Ukiona maji yanatoka kwa wingi chini unaridhika, kumbe nusu ya rejeta haijaguswa. Injini inahitaji mirija yote, maana joto halitolewi na maji kupita tu. Linatolewa na maji kupita karibu na mapezi yote.

Tukaitoa. Rejeta za shaba za miaka ile zina uzuri mmoja, kwamba zinafunguka: tangi la juu linatolewa kwa moto bila kuharibu kitu. Fundi wa rejeta alipolitoa tukaona vichwa vya mirija. Pembeni ilikuwa wazi. Katikati ilikuwa imejaa uji mzito wa kahawia, unaoteleza kwenye vidole, usio na chembe za kutu ya kawaida. Nilimpa mzee akashika. Ilikuwa oili na maji ya ile injini ya kwanza, vimeganda. Akaiangalia muda mrefu bila kusema kitu.

Hapa ndipo kisa chote kinapokusanyika kwangu. Cheni ilitoboa kava, maji yakaua beringi, injini ikatolewa, ikalipiwa, ikarudi na vipande vipya. Na ile oili iliyovuka upande wa pili ilikuwa imetulia kwenye rejeta ikisubiri kuipika injini mpya kabla ringi zake hazijakaa. Kama tungelilazimisha gari barabarani na sindano ile juu, gasketi ya hedi ingeondoka, pengine na hedi yenyewe ingejipinda, na kila mtu angesema wachongaji waliharibu uso.

Sehemu ya katikati yenye mirija ikabadilishwa, matangi ya zamani yakachomelewa juu yake. Nilisisitiza na hita ya ndani ifunguliwe mipira na kusukumwa maji ya moto yenye sabuni kutoka pande zote mbili. Ilitoa uji ule ule, mwingi kuliko nilivyotarajia. Mipira yote ya maji ikatupwa, kwa sababu mpira ulioloweshwa oili huvimba na kulainika kutoka ndani bila kuonesha nje, na mpira wa chini ukilainika unaweza kunywea injini ikivuta, ukaziba njia ya maji kabisa. Kifuniko cha rejeta kikabadilishwa pia.

Baada ya hapo

Tulipoiwasha tena sindano ilipanda hadi kabla ya katikati, themostati ikafunguka, sindano ikashuka kidogo na kukaa. Mzee akaitoa barabarani siku ile ile. Maelekezo yalikuwa mafupi: gia ya tatu na ya nne, kanyaga kwa nguvu ya wastani hadi ipate mwendo, achia aksileta kabisa ishuke yenyewe ikiwa kwenye gia, rudia. Kukanyaga kunazisukuma ringi nje, kuachia kunavuta oili ioshe vumbi la chuma. Asiende kwa mwendo mmoja muda mrefu, na asikanyage hadi mwisho.

Oili ya kwanza tuliimwaga gari liliporudi, bado ya moto. Watu wengine huisubiri kilomita mia kadhaa, lakini mimi sioni faida ya kuiacha ile ya mwanzo izunguke na uchafu wa kufungia. Filta tuliikata kwa msumeno wa duara na kukunjua karatasi yake juu ya kitambaa cheupe. Ilikuwa na unga wa kijivu na nywele mbili tatu za chuma zilizoshikwa na sumaku. Ndicho kinachotarajiwa. Tulichokuwa tunakitafuta ni vipande vyenye rangi ya shaba, au vijani vya fedha ambavyo sumaku haivishiki, ambavyo vingemaanisha beringi zinaliwa. Havikuwepo. Na oili ilikuwa na rangi ya oili, bila dalili ya maziwa.

Nafasi za valvu zilipimwa injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 kwa za kuingiza, 0.30 kwa za kutoa. Mbili zilikuwa zimebana kidogo, tukazirekebisha.

Kilichobaki ni unyevu wa oili nyuma ya hedi, kwenye ule mpira wa nusu duara unaoziba mwisho wa kamshafti. Silikoni ya pembeni yake haikushika, nadhani uso ulikuwa na oili ulipofungwa. Haidondoki, inalowa tu na kukusanya vumbi. Tumekubaliana na mzee kwamba atakapofungua kifuniko cha valvu kwa kipimo kinachofuata, binti ataukausha uso huo vizuri na kuufunga upya. Mpaka wakati huo anaangalia kijiti cha oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na anasikiliza kama cheni inakwaruza.